Kabla hujanunua kontroboksi nyingine ya IST

*“Habari za kazi, mtaalamu. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini 1NZ, gia otomatiki. Kwa miezi kama mitatu sasa, ikikaa kwenye foleni ikapata moto inazima ghafla. Naisubiri dakika kumi na tano au ishirini, inawaka, naendelea na safari. Wiki hii imezimia mbele ya nyumba na haijawaka tena. Stata inazungusha vizuri ila injini haishiki, na nimegundua nikiwasha swichi ile taa ya cheki-injini haiwaki kabisa. Fundi wa kwanza kachomeka mashine yake, ikaandika haipati mawasiliano, akasema kontroboksi imekufa, nitoe laki tatu na themanini aniletee used. Wa pili anasema ataifungua na kuitengeneza kwa laki moja na nusu. Wa tatu anasema ni pampu ya mafuta, maana ukiwasha swichi haisikiki ikinguruma. Nitajuaje kwa uhakika kama kontroboksi imeharibika ndani? Na nikinunua used, itakubali?”*

Pole kwa usumbufu, ndugu yangu. Mafundi watatu wamekupa majibu matatu, na kwa maelezo yako hakuna hata mmoja aliyeshika mita. Usitoe pesa bado. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, kufa ndani ni jambo linalotokea, na nitakueleza namna ya kulithibitisha. Lakini dalili ulizotaja, hasa hiyo taa kutowaka, zinaweza kuletwa pia na fyuzi, rilei (swichi inayoamrishwa kwa umeme), waya wa athi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), au sensa moja tu iliyopiga shoti. Chochote kati ya hivyo kinaweza kuifanya kontroboksi nzima ionekane maiti.

Nianze na fundi wa tatu, maana hoja yake inajibika haraka. Kwenye injini hii pampu haingurumi ukiwasha swichi tu. Kompyuta inaifungulia umeme wakati stata inazungusha, kisha inaendelea kuilisha mradi inaona mpigo kutoka sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini. Amri hiyo inapita kwenye pini ya kompyuta inayoitwa FC. Kompyuta ikilala, pampu nayo inalala. Kwa hiyo ukimya wa pampu kabla ya stata ni hali ya kawaida, na ukimya wake wakati wa stata kwenye gari lako ni matokeo ya tatizo lilelile tunalolitafuta. Ukibadilisha pampu utabaki na pampu mpya kwenye gari lisilowaka.

Mashine ya fundi wa kwanza inahitaji kuhojiwa kidogo. IST yako ilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na Toyota nyingi za soko hilo za miaka ile hazitumii lugha ya mawasiliano inayotegemewa na vile vimashine vya blututhi na skana nyingi za bei ndogo. Soketi chini ya usukani inafanana, mashine inaingia na kuwaka, ila inauliza kwa lugha moja na gari linajua nyingine. Mwombe achomeke mashine hiyohiyo kwenye IST ya rika hilo inayotembea. Ikishindwa na kule, haijatuambia lolote kuhusu gari lako. Ikisoma kule ikashindwa kwako, hapo tumepata kitu, ingawa bado hatujui kama kontroboksi imekufa au imenyimwa umeme.

Sasa taa. Katika yote uliyoandika, hii ndiyo dalili yenye thamani kubwa. Gari likiwa zima, ukiwasha swichi bila kupiga stata taa ya cheki-injini inapaswa kuwaka, na kuzima injini ikishika. Taa hiyo inapata umeme upande mmoja, na upande wa pili kompyuta inaipa athi kupitia pini inayoitwa W. Ikiwa haiwaki, basi balbu haipo au imeungua, au waya umekatika, au kompyuta haijaamka. Usiidharau hiyo ya kwanza: wapo wauzaji wa magari wanaochomoa balbu, au kuuunganisha waya wake na taa ya oili ili zizime pamoja, mnunuzi asijue kuna hitilafu. Jaribu kukumbuka kama kabla ya matatizo haya uliwahi kuiona ikiwaka. Kontroboksi ya IST iko nyuma ya kidroo cha dashibodi, upande wa abiria. Fundi akiupata waya wa W kwenye soketi yake na kuugusisha na bodi ya gari swichi ikiwa imewashwa, taa ikawaka, basi balbu na waya ni vizima na anayekosekana ni kompyuta. Huo waya unaweza kugusishwa na bodi kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Asijaribu hivyo kwenye nyaya nyingine kwa kubahatisha.

Ili vipimo vinavyofuata vieleweke, lazima ujue kilichomo ndani ya lile boksi la bati. Volti 12 za betri, ambazo injini ikiwaka hufika 14 hivi, huingia na kushushwa na regyuleta kuwa volti 5 zilizotulia. Hizo ndizo chakula cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Sehemu yake hutoka tena nje kwa pini ya VC kwenda kulisha sensa, kwanza kabisa ile ya mkao wa throto, yaani mlango wa hewa ya injini. Pembeni kuna mizunguko inayopokea taarifa za sensa, na upande wa pili kuna transista za nguvu zinazofungua nozeli za mafuta, kuamrisha koili, rilei na vali.

Shika hapo kwenye VC. Vitabu vya ufundi vya Toyota wenyewe vinaeleza kwamba VC ikipiga shoti kwenda athi, prosesa nayo hukosa umeme: mfumo hauamki, taa haiwaki, mashine haipati mawasiliano. Maana yake ni kwamba waya mmoja uliochunika ukagusa chuma, au sensa ya throto iliyoharibika ndani, inaweza kukupa dalili zote ulizoniandikia huku kontroboksi ikiwa nzima. Kontroboksi ngapi zimetupwa kwa sababu hii sijui, lakini fundi asiyepima VC hana haki ya kutamka neno “imekufa”.

Vifaa vya kazi ni vichache: mita ya dijitali, balbu ya breki ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili, na sindano nyembamba za kupenya nyuma ya soketi bila kuchubua waya. Balbu ni ya lazima. Waya uliobakiza uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12 kamili kwenye mita kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampia 1.75, na waya mbovu utaumbuka palepale: balbu itafifia au isiwake kabisa. Mchoro wa pini wa gari lako ni wa lazima pia. Pini za 1NZ ya IST na za gari lingine lenye injini hiyohiyo zinaweza kupishana, kwa hiyo fuata jina la pini kwenye mchoro na usitegemee rangi ya waya peke yake.

Anza na betri yenyewe. Ikipumzika isome angalau 12.4, na wakati stata inazungusha isishuke chini ya 9.6 hivi. Baada ya hapo pima umeme unaoingia kontroboksi, soketi zikiwa zimechomekwa. Pini ya BATT iwe na volti za betri muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa. Inapitia fyuzi iliyoandikwa EFI kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Pini ya +B iwe na volti za betri swichi ikiwa imewashwa. Hii inapitia rilei kuu ya EFI. Kutegemea toleo, rilei hiyo huamrishwa na swichi moja kwa moja au na kompyuta yenyewe kupitia pini ya MREL. Weka balbu kati ya kila pini na hasi ya betri, uone inawaka kwa nguvu zote.

Historia ya gari lako, kuzima likipata moto na kufufuka likipoa, ni tabia ya rilei iliyochoka kabisa. Ibadilishe kwa muda na nyingine yenye namba ileile kutoka kwenye boksi hilohilo la fyuzi. Kazi ya dakika mbili, na haigharimu kitu. Swichi ya funguo nayo ina ugonjwa kama huo: viunganishi vyake vikilika, moto unaongeza ukinzani na umeme wa kuamshia kompyuta unakatika.

Athi husahaulika mno. Kontroboksi ina pini kadhaa za athi, E1, E01 na E02, zinazokwenda kufungwa kwa bolti kwenye injini. Weka waya mmoja wa mita kwenye pini hizo, mmoja baada ya mwingine, na waya wa pili kwenye hasi ya betri, kisha mtu apige stata. Usomaji uwe mdogo sana. Ukiona nusu volti au zaidi, kuna bolti iliyolegea, kutu, au waya mkubwa wa athi wa injini umechoka. Injini iliyowahi kushushwa mara nyingi hurudishwa bila athi moja, na fundi haoni shida kwa kuwa gari liliwaka siku ile.

Umeme na athi vikiwa sawa, nenda VC. Swichi imewashwa, pima kati ya VC na E2, ambayo ni athi ya sensa. Inatakiwa iwe kati ya 4.5 na 5.5. Ikiwa sifuri au karibu yake, zima swichi, chomoa soketi ya sensa ya throto, washa tena, pima. Zikirudi volti 5 na taa ya cheki-injini ikawaka, umempata mwizi na kontroboksi ni nzima. Zisiporudi, chomoa kila sensa nyingine ambayo mchoro unaonyesha inakula VC. Bado sifuri? Zima swichi, toa waya hasi wa betri, chomoa soketi za kontroboksi, na pima ukinzani wa waya wa VC kwenda kwenye bodi huku sensa zote zikiwa zimechomolewa. Iwe zaidi ya omu 10,000. Ikiwa chini sana ya hapo, waya umechunika mahali. Fuatilia mkunga wa nyaya unapopita karibu na mabano ya chuma, juu ya gia na nyuma ya injini.

Ukifika mwisho wa hatua hizo na hali ikawa hivi: BATT ipo na inawasha balbu, +B ipo na inawasha balbu, athi zote safi, waya wa VC nje hauna shoti, na bado pini ya VC haitoi kitu, basi kontroboksi imeharibika ndani. Huo ndio uthibitisho uliouuliza, na fundi yeyote anaweza kuurudia mbele yako.

Inawezekana pia siku mtakayopima gari liwake kama halina ugonjwa. Hapo sifa ya kuzima likipata moto inabidi itumike. Acha mita kwenye VC na macho kwenye taa, kisha ipashe kontroboksi joto kwa draya ya kukaushia nywele, kwa umbali wa kiganja, mpaka bati liwe la moto ila mkono bado unavumilia kuligusa. Usitumie ile mashine ya hewa moto ya kuchunia rangi. Itaua hata kizima. Lipigepige taratibu kwa mpini wa bisibisi, na tikisa soketi moja moja. VC ikidondoka ghafla unapopasha boksi, huku balbu kwenye +B ikiendelea kuwaka vizuri, kuna mwungo wa risasi (solda) uliopasuka ndani. Lakini balbu nayo ikizima wakati uleule, tatizo liko kabla ya kontroboksi.

Na ikitokea gari limezima njiani huku taa ya cheki-injini bado inawaka ukirudisha swichi, acha kuishuku kontroboksi kwanza. Kompyuta imeamka. Mshukiwa wa kwanza hapo ni sensa ya krenki, ambayo koili yake ya ndani hukatika ikipata moto na kuungana ikipoa, kisha koili za plagi. Kwa kuwa taa inafanya kazi, unaweza kusoma misimbo ya hitilafu bila mashine: kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani unganisha pini 13 na pini 4 kwa kipande cha waya, washa swichi, na hesabu taa inavyopepesa. Misimbo ni ya tarakimu mbili. 12 na 13 ni mpigo wa krenki na kamshafti, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni ya kupima hewa inayoingia, 41 ni ya throto. Ikipepesa kwa kasi moja bila kituo, hakuna msimbo. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka: pini 16 ina umeme wa betri muda wote, na ukiiunganisha na pini 4 kwa makosa utaunguza fyuzi kama una bahati.

Kuna kontroboksi zinazokufa nusu. Prosesa iko hai, VC ipo, ila nozeli moja haifanyi kazi au inamwaga mafuta bila kukoma. Kwa nozeli isiyofunga, chomoa soketi za kontroboksi na uangalie kama ule waya wa nozeli bado una athi. Athi ikitoweka, ilikuwa inatoka ndani ya boksi, yaani transista imeungana. Ikibaki, waya umegusa bodi. Kwa upande wa kupokea taarifa kuna kipimo ninachokipenda kwa sababu hakihitaji kufungua chochote, ila kinataka mashine inayosoma data za Toyota ya Kijapani: chomoa sensa ya joto la maji, mashine ionyeshe nyuzi -40. Unganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya, ionyeshe 140 au zaidi. Kompyuta inayofika ncha zote mbili mzunguko wake wa kupokea ni mzima, na aliyekuwa anasema uongo ni sensa.

Wenye magari mapya zaidi watakutana na misimbo ya P0601 hadi P0607, ambayo ni kompyuta kujilalamikia yenyewe: kumbukumbu, prosesa, programu. Hata hiyo isichukuliwe kama hukumu. P0603 huweza kujitokeza kwa sababu tu betri ilitolewa au umeme wa BATT ulikatika. Futa, rekebisha umeme, endesha siku mbili tatu. P0604, P0605 au P0606 ikirudi mara tu baada ya kufutwa, huku umeme na athi vikiwa vimethibitishwa, hapo kweli boksi lina ugonjwa.

Usinielewe vibaya, ubovu wa ndani wa kiwandani upo. Agosti 2010 Toyota waliyaita tena magari kama milioni 1.13 ya Corolla na Matrix ya 2005 hadi 2008 yaliyouzwa Marekani na Kanada, yenye injini ya 1ZZ, kwa sababu ya nyufa kwenye miungo ya risasi au kwenye varista, kile kifaa kinacholinda mzunguko dhidi ya volti kubwa. Gari lingeweza kukataa kuwaka, kubadili gia kwa kishindo, au kuzima likiwa mwendoni. IST haikuwa kwenye orodha hiyo, nakutajia uone kwamba hata boksi halisi linaweza kupasuka ndani kwa joto na baridi za kila siku.

Magari ya miaka ya 1990 yana ugonjwa wake, kapasita zinazovuja. Maji yake hula njia za shaba na kuacha harufu kama ya samaki. Zikiwahiwa mapema dawa yake ni rahisi: kapasita mpya zenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, za kuhimili nyuzi 105, na bodi ya saketi kusafishwa vizuri kwa spiriti ya asilimia kubwa.

Vifo vingi vilivyobaki tunavisababisha wenyewe. Kinachoongoza ni kuchomoa betri injini ikiwaka “kupima kama alteneta inachaji”. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaweza kuruka kupita 80 kwa sehemu ya sekunde, na zinapita moja kwa moja kwenye kila kompyuta ya gari. Alteneta inapimwa kwa mita juu ya betri, injini ikiwaka. Fundi akinyoosha spana kwenye tamino ya betri gari likinguruma, mzuie. Mengine ni kubusti kwa nyaya zilizogeuzwa, kuchomelea bodi bila kutoa betri, na kuosha injini kwa maji ya presha.

Kulifungua boksi ni hatua ya mwisho, na tayari ukiwa na uthibitisho. Betri imetolewa, mikono imegusishwa kwanza kwenye chuma cha bodi ya gari ili umeme tuli utoke. Tafuta alama za moto, kijani cha kutu, na kwa lensi ya kukuzia angalia duara jembamba jeusi kuzunguka mguu wa pini ya soketi; huo ndio mpasuko wa risasi. Bodi ya saketi ikiwa safi isikudanganye, kwa maana regyuleta iliyokufa mara nyingi haina hata doa.

Swali lako la mwisho sasa. Kama ni kontroboksi kweli, ningeanza na matengenezo kabla ya used, kwa sharti kwamba fundi wa pili anakuambia ni kifaa gani kimeharibika na anakuonyesha. Miungo ya risasi, regyuleta, kapasita na transista za nozeli vinatengenezeka vizuri na boksi linabaki lako, na data zake. “Nitaicheki tu” kwa laki moja na nusu ni kamari. Prosesa yenyewe ikiwa imekufa, matengenezo hayana maana.

Used itakubali ikiwa namba inafanana. Iko kwenye lebo, inaanza na 89661 na kufuatiwa na tarakimu nyingine tano; linganisha zote. Kontroboksi ya gari la gia za mkono, ya 4WD, au ya injini ndogo ya IST inaweza kuingia kwenye soketi na bado ikakutesa kwa gia na sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta). Kama funguo yako ina chipu ya immobilaiza ya kuzuia wizi, boksi la gari lingine halitaitambua, na itabidi data zihamishwe kutoka kumbukumbu ya boksi lako la zamani. Kwa hiyo usiliache la zamani kwa muuzaji hata likionekana takataka. Kubaliana ulipe baada ya kufungwa, kupata moto, na kukaa kwenye foleni angalau saa moja, na upate risiti yenye siku za kulirudisha. Kabla boksi lako halijatoka nje ya macho yako, piga picha lebo na uweke alama ya rangi ya kucha kwenye skrubu, maana boksi zima huweza kubadilishwa na bovu na usijue.

Jambo moja kabla ya yote: kilichoua boksi la kwanza kitaua la pili. Transista ya nozeli ikiwa imeungua, pima nozeli zote. Zikiwa baridi ziwe karibu omu 14 kila moja. Alteneta ikiwa inatoa zaidi ya 15, itengenezwe kwanza.

Unayoweza kuyafanya wewe ni fyuzi, rilei, betri na kuangalia taa. Kupima pini za kontroboksi mwachie fundi umeme mwenye mchoro wa gari na subira, nawe ukae pembeni na karatasi ya kuandika anachosoma. Ukisikia harufu ya kuungua, toa waya hasi wa betri na uliache gari. Na likifufuka lenyewe kesho asubuhi, usiliingize barabara kuu: injini ikizima mwendoni usukani unakuwa mzito, na breki zinabaki na msaada wa mikanyago michache tu kabla pedali haijawa ngumu.

Ikibainika ni sensa ya throto, weka alama mahali ilipokaa kabla ya kufungua skrubu zake mbili. Ukishafunga mpya pima waya wa VTA, unaopeleka taarifa ya sensa hiyo kwenye kompyuta: throto ikiwa imefungwa isome chini ya volti 1, ukikanyaga mpaka mwisho ipite 3, na ipande laini bila kuruka hata mahali pamoja.